Je, Haya Yaweza Kuwa Dhambi?

Safari hii twaandika juu ya jambo ambalo kwa kawaida halitajwi katika gazeti la kanisa, nalo ni mkojo. Tumejiuliza sana kama yafaa. Twajua kwamba kurasa hizi husomwa kwa sauti barazani, mtoto akimsomea bibi yake, na pengine mkwe yupo karibu, na kuna maneno ambayo mtu mwenye adabu hayatamki mbele ya mkwewe. Lakini kadiri tulivyozidi kusitasita, ndivyo tulivyoona kwamba kusitasita kwetu ndiko hasa kunakopaswa kuandikwa.

Twaanza na mzee mmoja tuliyemfahamu hapa kwetu Lupaso. Hatutasema ni nani wala alikaa kitongoji gani, maana wajukuu zake wangali nasi. Kwa muda wa miaka miwili, pengine zaidi, mzee huyu alikuwa akiamka usiku mara nne au tano, akitoka nje, akisimama gizani muda mrefu, na mkojo ukitoka kwa matone tu. Hakumwambia mtu. Mkewe alijua kwamba anaamka, akadhani ana mawazo. Wanawe walijua kwamba baba siku hizi hataki kupanda basi kwenda Masasi mjini, wakadhani ni uzee. Nasi tuliona kwamba ameacha mahali pake pa mbele kanisani na kwenda kukaa karibu na mlango, tukadhani, Mungu atusamehe, kwamba imani yake imepoa. Siku mkojo ulipoziba kabisa alibebwa kwa pikipiki, ameketishwa katikati ya vijana wawili, akilia kama mtoto. Hospitali walimwekea mpira, na mkojo ukatoka mwingi kupita kiasi. Lakini figo zilikwisha kuharibika, kwa sababu mkojo usiopata njia ya mbele hurudi nyuma na kuzielemea. Tulimzika kabla ya msimu wa korosho. Mganga alipomwuliza kwa nini hakuja mapema, alijibu neno moja tu: haya.

Basi tangu siku ile twajiuliza: je, haya ni fadhila hata pale inapoua?

Tusiharakishe kujibu. Wako wanaosema kwamba haya ni ujinga wa zamani, na kwamba mtu wa siku hizi aseme lolote mahali popote. Sisi hatukubali. Katika lugha yetu, kumwambia mtu kwamba hana haya ni tusi zito kuliko kumwambia hana akili. Haya ndiyo inayomfanya kijana apishe njia, ndiyo inayomfanya mume asiyatangaze ya chumbani. Mahali pasipo na haya, wanyonge ndio wanaoumia kwanza, kwa kuwa miili yao hufanywa mchezo wa wenye nguvu. Kwa hiyo mtu asidhani tunataka kuing'oa.

Lakini hebu tutazame vizuri haya ya wazee wetu ilikuwaje. Je, ilikuwa kunyamaza mbele ya kila mtu? Sivyo. Mjukuu alimwambia babu mambo ambayo hakuthubutu kumwambia baba, na babu akayajibu kwa mzaha uliobeba ukweli. Mtani aliingia msibani akayasema ya marehemu ambayo ndugu hawakuweza kuyasema, na hakuna aliyekasirika. Katika jando na unyago, ngariba, kungwi na nyakanga waliufundisha mwili wote, kiungo kwa kiungo, kwa nyimbo na mafumbo, halafu vijana wakirudi nyumbani wakawa hawayataji tena mbele ya wakwe. Maneno yale yale yaliyokuwa mwiko barazani yalikuwa wajibu porini. Haya ya wazee, basi, ilikuwa kujua ni nani wa kumwambia, na wapi, na lini. Mzee wetu alirithi nusu moja tu ya mafundisho hayo, nusu ya kunyamaza. Ile nusu ya kusema hakuna aliyemkumbusha kwamba bado ipo.

Sisi Waanglikana wa Masasi tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Askofu wetu wa kwanza, Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi hii tangu mwaka 1926 hadi 1944, alikutana na swali lililo karibu sana na hili. Wamisionari wengi wa wakati wake waliliona jando kuwa giza tupu, la kupigwa marufuku. Yeye aliliingiza kanisani, akaondoa yale aliyoyaona hayapatani na Injili, akaliweka chini ya mapadre na sala. Kwa upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, na hatusemi kwamba kila alilolifanya lilikuwa sawa. Lakini kanisa lilikwisha kukiri hapo kwamba mwili wa kijana, hata sehemu zile zisizotajwa, ni jambo ambalo mkubwa mwenye jukumu sharti alizungumze na mdogo mahali palipotengwa. Baadaye, mwaka 1935, alikuja Dk. Leader Stirling, akafanya kazi Lulindi kwa miaka mingi, yeye ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa nchi hii kuanzia 1975 hadi 1980. Twaamini kwamba wagonjwa wa mkojo walikuwa miongoni mwa wale waliokuja kwake kwa miguu kutoka mbali. Wangapi hawakuja, hilo ni Mungu anajua.

Sasa tuseme wazi magonjwa yenyewe, kwa maana kuwaambia watu waseme bila kuwaambia waseme nini ni kazi bure.

Lile lililomwua mzee wetu lilitokana na tezi dume. Chini ya kibofu cha mwanamume ipo tezi ndogo, kwa kijana haizidi ndimu changa, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo kama ushanga unavyouzunguka uzi. Mwanamume akivuka miaka 50, kwa wengi tezi hiyo hukua, na tundu la ushanga likaubana uzi. Ndipo mkojo unapokuwa dhaifu, unakatika, unabaki, na usiku haulaliki. Kukua huku mara nyingi si saratani. Zipo dawa za kuilegeza tezi, na upo upasuaji. Lakini wakati mwingine ni saratani, nayo ikigunduliwa mapema yatibika, ikichelewa huenda mifupani. Mtu hawezi kujua ipi ni ipi kwa kukaa nyumbani na kunywa mizizi. Daktari hupima damu kwa kipimo kiitwacho PSA, na pengine huigusa tezi kwa kidole. Hiki kipimo cha kidole ndicho kilichofanywa kichekesho vilabuni. Wanaume wazima hugonga meza kwa kucheka, na mmoja miongoni mwao, aliyeamka mara tano usiku uliopita, hucheka kuliko wote ili asijulikane.

Hapo ndipo tunapoona dhambi, tukitafuta dhambi. Hatudhani kwamba yule mzee alitenda dhambi kwa kuona haya. Alibeba mzigo, na mzigo si kosa. Lakini aliyecheka alimfungia mlango mwenzake. Na sisi tuliomwona amehamia karibu na mlango, tukanong'onezana badala ya kumwuliza hali, hatuna la kujitetea.

La pili ni kichocho, na hili ni la watoto. Minyoo wa kichocho aligunduliwa mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Cairo, lakini ugonjwa wenyewe ni wa tangu zama za Mafarao. Mtu mwenye kichocho hukojoa majini au kando ya maji. Mayai yaliyo katika mkojo huanguliwa na kutoa vijidudu ambavyo huingia ndani ya konokono wadogo. Baada ya wiki kadhaa hutoka wakiwa wa namna nyingine, hata jicho haliwaoni kwa urahisi, nao hupenya ngozi ya yeyote anayeoga, anayefua, anayevua samaki, au anayepanda mpunga. Mwilini hukua na kukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume na jike pamoja, miaka mingi, wakitaga. Mayai hayo yenye ncha hukwaruza kibofu, na ndiyo sababu ya damu mwisho wa mkojo. Mgonjwa asipotibiwa, kibofu huota makovu, mirija itokayo figoni huziba, figo huharibika, na wengine hupata saratani ya kibofu.

Ndugu zetu wa uwanda wa Makonde, upande wa Newala, wanajua taabu ya maji ilivyo. Juu kule maji ya mvua huzama mchangani, na kwa vizazi vingi akina mama walishuka mabondeni kuyatafuta na kupanda nayo vichwani. Sisi wa bondeni tulijiona tumebarikiwa kuwa na madimbwi na mito. Baraka hiyo ina konokono ndani yake.

Katika sehemu nyingi za Afrika damu katika mkojo wa mvulana ilionekana kuwa jambo la kawaida, hata ishara ya kukua, kama vile hedhi ilivyo kwa msichana. Tazameni jinsi haya inavyoweza kugeuzwa: palipo na ugonjwa, watu huona sifa. Mvulana huambiwa na wenzake kwamba amekuwa mwanamume, naye hunyamaza kwa fahari. Kwa msichana ni kinyume chake. Kichocho kikiingia katika sehemu za uzazi humletea vidonda, maumivu, na damu isiyo ya mwezi, na watu hudhani amepata ugonjwa wa zinaa. Ugonjwa mmoja, maji yale yale, na kaka amepewa sifa ambapo dada amepewa aibu! Hakuna kati yao aliyepelekwa zahanati. Na tiba yake ni vidonge vya prazikwanteli, vinavyotolewa kwa kipimo cha uzito au kimo cha mtoto, kwa kawaida kwa siku moja tu.

Tukisema kwamba vidonge vipo tusidhani tumemaliza. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, vidonge hivyo viligawiwa mashuleni kwa nia njema, na watoto wengine wakatapika na kuzunguliwa na vichwa, hasa waliokuwa hawajala. Wazazi, ambao hawakuelezwa vya kutosha, walisikia kwamba watoto wao wanauawa, wakayakimbilia mashule kwa hasira, zikatokea ghasia, hata kazi ikasimamishwa. Ni rahisi kuwaita wazazi wale wajinga. Sisi twasema walikuwa wazazi. Aliyempa mtoto wa mwenzake dawa bila kumweleza mzazi ni dawa ya nini, na kwamba apewe uji kwanza, alikosa neno moja dogo la heshima, na hasara ikawa kubwa.

Hilo latupeleka upande wa pili wa jambo letu, ambao wahubiri wa afya huusahau. Twawaambia watu waende wakaseme. Je, wamwambie nani, na mahali gani? Mmoja wetu alikwenda katika kituo kimoja cha tiba, ambacho hatutakitaja, kwa sababu ya maumivu ya mkojo. Palikuwa na benchi moja refu, watu kumi na zaidi, na miongoni mwao mama mkwe wa mdogo wake. Mhudumu alisimama mlangoni akauliza kwa sauti, "Wewe baba, unaumwa nini?" Naye akajibu, kichwa. Akapewa dawa ya kichwa, akarudi nayo nyumbani. Nani alidanganya hapo? Twakiri kwamba alidanganya yeye. Lakini hakuulizwa kama mtu aulizwavyo. Mgonjwa ana wajibu wa kusema, na anayemwuliza ana wajibu wa kumpa mahali pa kusemea, hata kama ni kumwita hatua tano kando, chini ya mti. Hilo halihitaji bajeti.

Twamkumbuka mama yule wa Injili ya Marko, aliyetokwa na damu miaka 12 na kuwamalizia waganga mali yake yote. Alikuja kwa nyuma, kwa siri, katikati ya msongamano, maana ugonjwa wake ulikuwa wa kufichwa. Alikwisha kupona alipogusa vazi; angeweza kuachwa aende zake. Wengine husema ilikuwa ukatili kumwita mbele ya watu. Lakini hakuulizwa anaumwa nini. Aliulizwa tu nani amegusa, akaja mwenyewe, akasema yote, na jibu la kwanza alilopata lilikuwa kuitwa binti. Aliitwa jina la ukoo kabla ya kuambiwa lolote jingine. Mganga wa zahanati akisema "babu" au "mama yangu" kabla ya swali, nusu ya haya huwa imeondoka.

Wapo pia wale ambao haya yao ni nzito kuliko hizi zote, nao ni akina mama wenye fistula, ambao baada ya uchungu wa muda mrefu wa kuzaa hupata tundu, na mkojo ukawa unatiririka bila kuzuilika. Wengi wao hupoteza mtoto katika uzazi ule ule. Halafu hupoteza mume, kisha hupoteza nafasi yao kanisani, kwa sababu ya harufu. Fistula huzibwa kwa upasuaji, na CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wengi bila malipo. Kama mama wa namna hiyo yupo katika mtaa wetu, naye haji kwenye Misa, basi anayepaswa kuona haya si yeye.

Juu ya figo zenyewe tutasema machache. Kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja, na kwa siku nzima figo mbili za mtu mzima huchuja maji ya damu kiasi cha lita 180, nyingi ya hizo zikarudishwa mwilini, na sisi tukakojoa lita moja au mbili. Siku hizi zinazoharibu figo zaidi ni kisukari na shinikizo la damu, nayo yote mawili huja kimya bila maumivu. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne hivi. Mtu wa Lupaso afikirie mwenyewe nauli.

Njia nyingine ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaanza. Watu wa Lupaso hatuhitaji kuelezwa jina hilo ni la nani. Alizaliwa kijijini hapa mwaka 1938, na Julai 2020 tulisimama kaburini pake. Katika nchi yetu figo hiyo hutolewa na ndugu aliye hai, kwa hiari. Ndugu ana haki ya kukataa, na asiitwe mchawi kwa kukataa. Zawadi inayodaiwa haiwi zawadi tena. Lakini ili akubali au akatae, sharti kwanza aombwe. Mtu ambaye miaka mitano hakuweza kumwambia ndugu yake kwamba mkojo wake una povu, ataanzaje kumwomba figo?

Tumezungumza na wazee wa kanisa juu ya haya yote. Wengine walipinga, nao kwa sababu nzuri: walisema gazeti likizoea kutaja mambo haya, vijana watayafanya wimbo. Tumekubaliana hivi. Jumapili ya pili baada ya mavuno wanaume watabaki baada ya Misa, chini ya mwembe, bila wanawake wala watoto, na mganga wa zahanati ameahidi kuja na kuketi nao, wala hatasimama. Umoja wa Akina Mama watakuwa na siku yao, na wamesema mada watazichagua wenyewe. Wazazi wenye watoto wa shule wapeleke mkojo wa watoto kupimwa, na wakumbuke kwamba mkojo wa kupimia kichocho huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndio wakati mayai hutoka kwa wingi. Wa alfajiri waweza kudanganya.

Mzee mmoja amekubali kuwa wa kwanza kusema siku ile. Amevaa mpira na mfuko wa mkojo tangu Kwaresima, akingoja zamu yake ya upasuaji, naye amesema atamwonyesha mfuko huo mwanamume yeyote atakayeuliza. Ameomba tu kiti chake kiwekwe karibu na njia.